Ule Ulikuwa Utepe wa Tiketi, Mama

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje, lile la kushoto linalokusumbua ukiteremka shamba la chini? Ng'ombe amezaa? Mvua imerudi, au majani ya chai bado yanajikunja juani? Na nyanya yetu, Kogo, anakula vizuri au bado anaficha chakula chini ya mto ampe paka? Nauliza haya yote sasa kwa sababu nataka kuyajua kweli, na kwa sababu nikishaanza kusema yaliyonifanya niandike sitapata tena nafasi ya kuuliza. Shuleni walitufundisha kuandika kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako. Mwili wangu ni mzima. Hofu sina. Nina hasira, Mama, na nimeshavunja ncha ya kalamu moja.

Naandika kwa karatasi kwa sababu hamkuniachia njia nyingine. Wiki tatu zilizopita, Jumapili, nilikuwa mapumzikoni kazini, nikafungua simu nione kama mmeweka picha za kanisani kama kawaida. Nikakuta yale maandishi madogo ya kijivu: Kiprotich amekutoa kwenye kundi. Kaka yangu! Yeye ambaye hata kufungua hilo kundi la familia nilimfundisha mimi, nikimshika kidole kama mtoto wa nasari. Nikampigia, hakushika. Nikakupigia wewe, simu ikalia mpaka ikachoka. Nikapiga kesho yake na kesho kutwa. Nikadhani mtu amekufa na mnanificha, kama mlivyonificha wakati wa Babu. Siku mbili nilifanya kazi nikiwa na msiba ambao sijui ni wa nani.

Aliyenitoa gizani ni mdogo wangu Cherono. Aliazima simu ya jirani pale kituo cha kupimia majani, akanitumia sauti yake. Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake nasikia watu wanabishana nani amepita nani kwenye foleni.

"Dada, huku kumechafuka," alisema. "Watu wote wanasema umeolewa. Ati na mzungu wa ndevu. Senge ndio alikuja na hiyo picha uliweka online, ati kama shangazi lazima aonyeshe Baba. Baba amekasirika mbaya. Amechukua tableti yangu. Amesema hakuna college, ati mtandao ndio iliharibu wewe na sasa imeanza kwangu. Dada, tafadhali fanya kitu. Wacha nirudishe simu ya wenyewe."

Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia, nimekumbatia mashuka ya wazee. Kwanza nilicheka. Kweli, nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akachungulia kuona kuna nini. Kisha nikaisikiliza tena ile sauti, nikafika pale penye tableti na college, na kicheko kikaniisha.

Sasa nitaeleza hiyo picha, na nitaieleza polepole, kwa sababu inaonekana ukoo mzima uliikagua na hakuna aliyeiona.

Unajua mimi ni mtu wa katuni. Hilo si siri, na halikuanzia Ujerumani. Lilianzia pale sokoni, kwenye kile kibanda cha video cha mabati, ambako DJ alikuwa anatafsiri filamu za mashujaa kwa Kiswahili na kuwafanya wote waongee kama makanga wa Bomet. Jumamosi nilikuwa nachuma majani kama nimewashwa moto ili nimalize mistari yangu kabla filamu haijaanza, na Baba akawa anawaambia watu Chelangat ni mchapakazi. Nilikuwa nachora mashujaa nyuma ya kadi za harambee. Nilipofika chuo cha uuguzi na kupata simu yenye intaneti, niligundua kwamba duniani kuna watu wengine wagonjwa kama mimi, wanaoweza kukaa saa nne wakijadili kwa nini shujaa fulani wa katuni za Kijapani alivaa viatu tofauti kwenye toleo la tisa. Mama, huwezi kuelewa furaha ya siku ile. Ni kama kuishi miaka ishirini ukidhani ni wewe tu unayezungumza lugha fulani, halafu unaingia sokoni unakuta kila mtu anaizungumza.

Nilipokuja huku, majira ya baridi ya kwanza yalitaka kunimaliza. Sikuwaambia. Giza linaingia alasiri. Unaamka giza, unarudi giza, na katikati ni kuwaosha wazee ambao wengine wanaogopa mkono wako mweusi na wengine wanakuita kwa jina la mtoto wao aliyekufa. Kijerumani kilikuwa kinanikwama kooni. Waliokuwa wananiuliza kila siku kama nimekula ni watu wa lile kundi la katuni mtandaoni. Kuna mmoja wa Arusha, mmoja wa Mombasa, na mmoja wa Finland ambaye alijifunza Kiswahili kwa ajili ya ubishi tu. Sijawahi kumshika mkono hata mmoja wao. Tuliwahi kubishana wiki nzima kama shujaa anayeruka angani anaweza kuruka akiwa na mafua. Baba anaita huo upuuzi. Sawa. Upuuzi huo ndio uliofanya nisipande ndege kurudi.

Hapo ndipo tulipoanza katuni yetu, mimi na Cherono. Mimi naandika hadithi, yeye anachora. Ni ya msichana mchuma chai anayeitwa Taprandich, mwenye kikapu mgongoni ambacho akiingiza mkono anatoa chochote anachohitaji, lakini lazima kwanza ajaze majani. Adui yake ni Chemosit, lile zimwi la mguu mmoja ambalo Kogo alikuwa anatutisha nalo tusitoke nje. Tunaiweka mtandaoni kila baada ya wiki mbili. Watu wanaisubiri. Kwenye makao ninakofanya kazi kuna bibi wa chumba cha saba ambaye hataki nimguse asubuhi mpaka nimwonyeshe ukurasa mpya. Kiswahili hajui hata neno, anaangalia picha tu. Picha za Cherono, Mama. Mtoto ambaye hajawahi kuvuka Nakuru anamfanya mzee wa Ujerumani akubali kuogeshwa.

Mwezi uliopita kulikuwa na tamasha la katuni katika mji mkubwa wa karibu. Watu wanavaa kama wahusika wanaowapenda. Utakuta mwalimu mzima wa hesabu amevaa mkia. Hakuna anayemcheka mwenzake, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Nikaamua kwenda nikiwa Taprandich. Kikapu nilisuka mwenyewe. Na kwa kuwa kwenye toleo la mwisho Taprandich ameshinda vita, nilijitengenezea sinendet ya kichwani, kama wanavyovishwa washindi wetu wa mbio na watoto wanaofuzu. Mtambaa wenyewe huku haupo, nikakata mmea unaotambaa kwenye ukuta wa makao.

Katrin, yule muuguzi tunayefanya naye zamu, akasema atakuja kama Chemosit. Alifanya kazi ya ajabu. Alijipaka mguu mmoja rangi nyeusi ili uonekane haupo, akabandika ndevu za nailoni kwa gundi mpaka kifuani. Tulipofika mlangoni tulifungwa kila mtu utepe wa kijani mkononi. Huo utepe ndio tiketi, ukiupoteza hurudi ndani. Gundi ya ndevu ilikuwa imemwagika kwenye kiganja cha Katrin, utepe wake ukabanduka, nikamfunga upya. Wakati huohuo mtu akatupiga picha, na watu nyuma yetu walikuwa wanapiga makofi kwa sababu jukwaani alikuwa amepita joka la watu sita. Nikaipenda ile picha, nikaiweka mtandaoni. Hapo ndipo kosa langu lilipo, kama ni kosa.

Sasa nione kwa macho ya Senge. Naona msichana wetu, kichwani sinendet. Naona mwanamume mwenye ndevu. Naona msichana anamfunga huyo mwanamume kitu cha kijani kwenye kifundo cha mkono, na watu wanapiga makofi. Mguu hauonekani, picha imekatwa kiunoni. Kwa mtu wa kwetu hiyo si picha, hicho ni cheti. Majani ya segutiet yakishafungwa mkononi, ndoa imekwisha kufungwa na hakuna wa kuifungua. Naelewa kabisa alivyokosea. Mzungu angeangalia picha hiyo mwaka mzima na asione harusi. Senge aliiona kwa nusu dakika, akapanda gari kutoka Siongiroi siku hiyohiyo, na goti lake bovu kuliko lako.

Cherono aliniambia, siku nyingine alipopata simu, jinsi mkutano ulivyokuwa. Senge aliweka simu mezani katikati ya vikombe, akasema, "Angalieni wenyewe. Hii si ni kufungana majani? Na watu wa msichana wako wapi? Baba yake yuko wapi? Wamemchukua kama kuku ya barabarani." Kiprotich akakuza picha kwa vidole viwili, akasema huyo jamaa anaonekana mzee. Halafu Baba akasema kwamba asubuhi hiyo kwenye foleni ya majani mwenzake wa kamati alimpa mkono, akamuuliza, "Tumesikia umepata mkwe. Maziwa ya mursik tutakunywa lini?" Na Baba alikuwa hajui anaongelea nini. Alisimama pale na gunia lake, mzee wa kanisa, mwanakamati, anapongezwa kwa harusi ya binti yake na yeye ndiye wa mwisho kusikia.

Hilo linaniuma, sikatai. Lakini aibu ilikuwa yake na adhabu akampa mtoto mwingine. Alinyanyuka mezani, akaingia chumbani kwa Cherono, akatoka na tableti niliyomtumia, akasema mtandao umeshakula msichana mmoja wa nyumba hii na hautakula wa pili. Na barua ya kuitwa college akaikunja akaitia mfukoni. Mtandao! Ni nani anayetumiwa ujumbe kila asubuhi kuambiwa lori la majani litafika saa ngapi? Matangazo ya kanisa yanakuja kwa njiwa? Na hiyo picha yenyewe Senge aliipata wapi, aliota? Mtandao ni mbaya tu ukiwa mkononi mwa msichana anayechora.

Nilimpigia Baba. Nilitumia simu ya Katrin ili asijue ni mimi. Alishika.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Chelangat."

"Chelangat ni bibi ya watu. Wacha hao watu wakuje hapa kwangu tukae chini, tuongee. Hapo ndio nitajua kama niko na msichana anaitwa hivyo."

"Baba, hakuna watu. Sijaolewa. Yule kwenye picha ni Katrin, tunafanya kazi pamoja. Ni mwanamke."

Nikasikia ng'ombe. Nikadhani ameelewa.

"Unanichezea?"

"Baba, zile ndevu ni za kubandika. Ni gundi."

"Chelangat. Mimi nilichuma majani mvua ikininyeshea nikikusomesha. Usiniambie mambo ya gundi."

Akakata. Katrin alikuwa amekaa kando yangu, kidevu chake laini kabisa, ananiuliza kama mzee amefurahi. Na tafadhali, Mama, Senge asichukue habari hii ya kwamba Katrin ni mwanamke akaanza nayo mengine. Namjua. Mwambie Katrin ana mume anayeitwa Jens, anayetengeneza baiskeli.

Sasa nifike kwako.

Baba nimemkasirikia, lakini Baba hakujua. Alionyeshwa kitu akaamini alichoonyeshwa. Senge vilevile. Wewe je? Mimi siku ile ya tamasha nilimpigia nani simu ya video, nikiwa bado na kikapu mgongoni? Ulikuwa jikoni unachambua mboga, peke yako, Cherono alikuwa kwaya. Nilikugeuzia simu nikakuonyesha Katrin. Ukasema, "Uuui, huyu Katrin amezeeka lini?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Katrin akavuta ndevu uone gundi. Ukauliza ule utepe wa mkononi ni wa nini, nikakuambia ni tiketi. Ukaniambia sinendet yangu nimeipinda vibaya nyuma, ikae kama ile uliyonivisha wewe siku niliyofuzu uuguzi. Ukanielekeza, nikaipinda upya huku umeniangalia. Ile sinendet iliyo kwenye picha, Mama, imepindwa kwa maneno yako.

Halafu siku ya mkutano Baba akageuka akakuuliza mbele ya wote, "Mama Kiprotich, wewe ulijua hii kitu?" Nawe ulikuwa mlangoni na birika. Ukasema, "Mimi nitajua nini?"

Mimi nitajua nini. Naenda nayo kazini, narudi nayo. Namkata mzee kucha, nasikia mimi nitajua nini. Ungesema sentensi moja. Ungesema, "Huyo ni Katrin, nilimwona." Mkutano ungeisha, chai ingenywewa, Senge angerudi Siongiroi na aibu yake mwenyewe. Cherono angekuwa sasa hivi anapanga nguo.

Najua utakachosema. Utasema wewe ni mgeni katika nyumba hiyo. Umesema hivyo tangu nizaliwe. Ulizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai, watu wako walitoka ziwani kuja kuchuma majani, ukaolewa na mtu wa hapo, na ulipojaribu Kipsigis mara ya kwanza wanawake walikucheka kisimani. Ukaacha. Ukatulea kwa Kiswahili, na ndiyo maana barua hii mimi na wewe hatuwezi kuiandika kwa lugha nyingine. Ukajifunza kwamba wakikutana unamimina chai na kunyamaza, na ukinyamaza wanasema mke wa fulani ana adabu. Niliwahi kukuonea huruma kwa hilo. Hata nilikusifu, nikawaambia wenzangu mama yangu ni mvumilivu. Sasa nasema hapana. Umezaa watoto watatu hapo, umemzika baba mkwe wako hapo, kila mche wa chai wa shamba la chini uliupanda wewe ukiwa na mimba yangu. Mgeni gani huyo? Mgeni siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelishika zaidi ya miaka thelathini. Ugeni wako umekuwa mahali pa kujificha, na safari hii umejificha na mtoto akiwa nje.

Na kuna jambo lingine ambalo Cherono alilisema bila kujua uzito wake. Tableti haiko kwa Baba. Baba alikukabidhi wewe, ukaifungia kwenye kabati la vikombe vya wageni, na ufunguo wa kabati hilo haujawahi kutoka kwenye kamba ya kiunoni mwako. Kwa hiyo Baba alisema neno, lakini aliyefunga ni wewe. Kila siku unafungua hapo kutoa sukari, unaiona, unafunga tena.

Nikueleze ni nini kimo ndani ya hicho kitu, kwa sababu pengine unadhani ni mchezo. College imemwita kwa usaili, na inataka kuona kazi zake ndipo impe nafasi ya kusomea uchoraji wa katuni. Si picha zilizokamilika tu, hizo ziko mtandaoni mtu yeyote anaweza kuziiba. Wanataka kuona hatua, kuanzia mstari wa kwanza, ili wajue mkono ni wake. Hatua hizo zote ziko ndani ya tableti. Nilimwambia mara mia ahifadhi mtandaoni pia. Bando la intaneti linaisha haraka na mtandao wa mlimani kwetu unaujua, akaziweka humo tu. Mwisho wa kupokea kazi ni mwisho wa mwezi huu. Ukipita, nafasi anapewa mwingine. Hawatamsubiri Baba apoe.

Na mimi pia nina kosa langu, nisije nikaonekana malaika. Katuni ile kwa miaka miwili ilikuwa na jina langu peke yangu. Nilijiambia ni kwa sababu yeye bado yuko shule, asisumbuliwe. Uongo. Nilipenda kusifiwa. Watu wanaandika "dada, mkono wako una baraka," nami nawajibu asante. Mkono ambao hata duara siuwezi! Kama ningeandika jina lake tangu mwanzo, leo college ingekuwa na ushahidi wa kutosha, na pengine hata Baba angekuwa ameshaonyeshwa jina la mtoto wake na watu wa foleni. Wiki hii nimebadilisha. Nimeandika juu kabisa, mchoraji ni Cherono, na nikawaambia wasomaji ukweli. Wengine wamenikasirikia. Wana haki. Nimekubali kosa langu mbele ya watu ambao hata hawajui sura yangu, na sijafa. Nawe ujaribu.

Sikuombi umpinge Baba kanisani. Sikuombi usimame mbele ya ukoo utoe hotuba. Ukiweza kumwambia, "Baba Kiprotich, mimi niliona, ni tiketi," mwambie, hata mkiwa shambani wawili tu, kila mtu na kikapu chake. Ukishindwa, basi usiseme. Fungua kabati. Mikono yako haihitaji Kipsigis wala Kiswahili kufanya hivyo. Ile barua ya kuitwa iko kwenye mfuko wa koti la Baba la Jumapili, na koti hilo anayelipiga pasi ni wewe. Ndugu yako wa Fort Ternan nimeshaongea naye. Atamsindikiza Cherono mpaka Nairobi, wala hakuniuliza maswali mengi. Alisema tu, "Dada yangu amekubali?" Nikamwambia nasubiri jibu.

Nisalimie Kogo, umwambie Chemosit wake sasa anajulikana mpaka Finland na watu wanamwogopa vizuri. Nisalimie kaka yangu, msimamizi mkuu wa makundi, umwambie kidole kilichonitoa ndicho kitakachonirudisha, na nitajua saa na dakika. Msalimie Senge, kwa heshima yote, goti lake lipone. Msalimie mama mwenye simu pale kituoni. Na Baba. Msalimie Baba. Mwambie sijaolewa, na siku nikitaka kuolewa, watu hao watakuja kwa miguu yao na atawachunguza meno kama anavyotaka.

Jambo la mwisho. Mwenzangu wa Litein anayekuja likizo nimemwambia akuletee barua hii nyumbani, mkononi, alasiri, wakati Baba yuko kwenye kituo cha majani. Nayajua macho yako, Mama. Picha unaiona, uso wa mtu kwenye simu unauona, lakini maandishi ya kalamu yalikushinda zamani, na aliye nyumbani saa hiyo wa kukusomea ni mmoja tu. Kwa hiyo sauti unayoisikia tangu juu mpaka hapa ni ya Cherono. Aliponisimulia habari ya mkutano alikutetea. Aliniambia, "Usikasirikie Mum, hata yeye hakuwa anajua." Nilimwacha akuamini mpaka leo, mpaka alipofika kwenye mstari wa ile simu ya video. Cherono, pole. Usiruke neno, soma mpaka mwisho. Mama, huna haja ya kuniandikia. Ameketi mbele yako. Mjibu yeye.

Mwanao,
Chelangat